Kitovu, Kiini au Fokasi? Maana Nyingi za Neno "Focus"

Neno la Kiingereza "focus" huwasumbua wanafunzi wa tafsiri kwa sababu hupewa visawe vingi kwa mpigo: kitovu, kiini, lengo, mkazo, umakini, fokasi. Mwanafunzi huchagua kimoja, mara nyingi kitovu, kisha hukitumia kila mahali. Visawe hivyo havibadilishani. Kila kimoja kina picha yake, na picha hiyo ndiyo inayopaswa kumwongoza mfasiri.

Chukua mfano wa karibu na sisi wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera. Tetemeko hilo la ukubwa wa 5.9 liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na wilaya jirani. Hata huku Mwanza lilihisiwa. Shirika la Jiolojia la Marekani lilikadiria kwamba lilianzia kwenye kina cha kilomita 40 hivi. Nukta hiyo ya chini ndiyo Kiingereza huiita "focus"; mahali palipo wima juu yake, kwenye uso wa ardhi, pana jina jingine. Anayeandika kitovu kwa vyote viwili hujikuta akisema kwamba kitovu kilikuwa karibu na Nsunga, na sentensi inayofuata kwamba kitovu hichohicho kilikuwa kilomita 40 chini ya ardhi. Na kina si jambo dogo: matetemeko mawili yakiwa na ukubwa sawa, lile lililoanzia karibu na uso wa ardhi hutikisa kwa ukali zaidi walio juu yake. Kiswahili kina tofauti hiyo tayari. Kitovu kiko juu ya ngozi, huonekana. Kiini kimo ndani, kama cha yai. Basi kiini cha tetemeko ni kule chini, na kitovu chake ni huku juu.

Kitovu kina picha ya pili, ya asili. Mtu husema "ndiko kilikozikwa kitovu changu" akimaanisha kwao. Kwa hiyo kitovu cha mlipuko wa kipindupindu ni pale ulipoanzia. Lakini eneo ambamo malale hudumu mwaka hadi mwaka, ambalo nalo Kiingereza huliita "focus", si lazima liwe ndilo chanzo. "Makao ya ugonjwa" ni tafsiri ya haki zaidi.

Katika nuru na jometri mimi hutetea mkopo fokasi. Shika kioo cha kukuzia juani: miale hukutana kwenye nukta moja na karatasi huungua. Neno lenyewe kwa Kilatini lilimaanisha meko, na Johannes Kepler ndiye aliyeliingiza katika hisabati mwaka 1604. (Ningependa meko yetu yapewe nafasi hiyo, lakini mkopo umekwisha kututangulia.) Duaradufu ina kitovu kimoja na fokasi mbili. Jua liko kwenye fokasi mojawapo ya njia ya Dunia, takriban kilomita milioni 2.5 kutoka kitovuni, na ndiyo maana umbali wetu nalo huwa kilomita milioni 147 mwanzoni mwa Januari na milioni 152 mwanzoni mwa Julai. Ukiliweka Jua kitovuni, umeifuta sheria yenyewe ya Kepler.

Huku Buswelu kijana humwambia mwenzake, "Fokasi na shule." Sina ugomvi naye. Katika maandishi rasmi, hata hivyo, vitenzi vyetu vinatosha: zingatia, kazania, jikita, elekeza akili.

Hatari iko kwenye lengo. Watafiti hutafsiri mahojiano ya pamoja kuwa "majadiliano ya kundi lengwa". Mama wa kijijini anayesomewa fomu ya ridhaa analijua neno walengwa: ni wale wanaopokea ruzuku ya TASAF. Atasaini akitarajia msaada, kumbe ameitwa kuzungumzia mada moja tu na kurudi nyumbani. Hiyo si ridhaa. "Majadiliano ya kikundi kuhusu mada maalumu" ni marefu, lakini hayamdanganyi mtu.

Wanaisimu nao huita fokasi ile sehemu ya sentensi inayobeba taarifa mpya au inayotofautishwa na nyingine. Kiingereza huweza kuionyesha kwa kupaza sauti tu. Kiswahili hupenda kuugusa muundo wenyewe. Swali "Nani kaleta sato?" hujibiwa "Kaleta Neema" au "Neema ndiye aliyeleta." Sentensi "Neema kaleta sato" ni safi kisarufi, ila inafaa zaidi kujibu swali jingine: Neema kaleta nini? Mfasiri anayepokea maneno hayo kwa Kiingereza, kwenye karatasi isiyo na sauti, hana budi kutafuta kwanza ni swali lipi lililotangulia.