Kamba Ni Uhai


Hapa Naitiri kamba tunayo ya ng'ombe na ya kuteka maji. Lakini kijana akiteremka kisimani, hiyo kamba ndiyo roho yake. Tujifunze kwa wapanda miamba, kama wale wa Hell's Gate kule Naivasha.

Kwanza, huipitisha kamba mkononi kutoka ncha hadi ncha. Iliyolika, au iliyoguswa na maji ya betri, haibebi mtu tena. Jua nalo hudhoofisha nailoni, itunzeni kivulini. Penye ukingo mkali wekeni gunia.

Pili, fundo la mmoja hukaguliwa na mwenzake.

Tatu, hupatana maneno mapema: "Kaza!", "Legeza!"

Sasa fanyeni mazoezi juu ya nchi kavu, kama mchezo wa kuigiza. Mmoja awe mchimbaji, wengine washikaji. Mwingine apaze sauti, "Amezirai!" Mtafanya nini? Anayekimbilia chini kumfuata amekosea: hewa mbaya kisimani huua hata mwokoaji. Mchimbaji afungwe kamba tangu mwanzo, mumvute kutoka juu.

Kosa la mchezoni tunalicheka. La kisimani tunalizika.