Majivu ghalani: siri ya fukusi iko kwenye ngozi yake

Mavuno yakiisha, kazi inahamia ndani ya nyumba. Mahindi yamepukuchuliwa, magunia yamepangwa, na familia inahesabu miezi iliyobaki hadi msimu mwingine. Wiki chache baadaye mama anakwenda kuchota ya kusaga, anakuta punje zina matundu na unga umejaa chini ya gunia. Yamebunguliwa.

Hapo wengi hukimbilia duka la pembejeo. Wengine, kwa bahati mbaya, huweka vidonge vya kufukiza kwenye chumba ambacho watoto wanalala. Gesi ya vidonge hivyo huua watu kama inavyoua wadudu, na haina nafasi kabisa ndani ya nyumba inayolaliwa.

Bibi zetu walikuwa na majivu. Waliyachekecha, wakayachanganya na mahindi au maharage, wakafunga. Siku hizi njia hiyo inaonekana ya kizamani, na hata wanaoitumia hudhani majivu yanamwasha mdudu tu. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye nta.

Kila mdudu amevaa nta. Sizungumzii nta ya masega, ambayo nyuki huitoa chini ya tumbo kwa ujenzi. Hii ni tabaka la mafuta mazito lililo juu ya gamba, jembamba mno: unywele wa mtu ni mnene kulilinganisha nalo zaidi ya mara 100. Mengi ya mafuta hayo ni haidrokaboni, ndugu wa mafuta ya taa na mshumaa. Mwili wa mdudu wenyewe huyatengeneza na kuyapandisha juu ya gamba.

Ya nini? Tazama samaki mwaloni. Dagaa walioanikwa asubuhi kwenye jua kali, jioni wamekauka. Sangara lazima apasuliwe, apigwe chumvi au moshi. Kiumbe kikiwa kidogo, ngozi yake ni nyingi kuliko maji yaliyomo ndani, na maji hutoroka upesi. Fukusi ana milimita 3 au 4 tu, na anaishi kwenye gunia lisilo na tone la maji. Anategemea unyevu kidogo ulio ndani ya punje, na maji ambayo mwili wake unatengeneza kutokana na chakula. Kinachozuia akiba hiyo isipotee ni ile nta.

Mwingereza Vincent Wigglesworth alilionyesha hili vizuri katika utafiti aliouchapisha mwaka 1945. Alichukua wadudu wanyonya damu, akawaacha watembee juu ya vumbi kali la kukwaruza. Nta ikachubuka, maji yakawatoka kwa kasi, wakakauka. Lakini waliochubuliwa kisha wakawekwa kwenye hewa yenye unyevu waliishi, na wakaanza kutoa nta mpya. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Nta hiyo ni kitambulisho pia. Sisimizi akirudi nyumbani, wenzake humpapasa kwa vipapasio na kusoma mchanganyiko wa mafuta yake. Akiwa na harufu ya kigeni anashambuliwa. Nzi jike wa nyumbani ana haidrokaboni inayomvuta dume, na leo huwekwa kwenye baadhi ya mitego ya nzi. Wapo hata mbu wa malaria ambao gamba lao limeongezeka mafuta hayo, hivyo dawa ya chandarua hupenya polepole na mbu anapona.

Turudi ghalani. Majivu yana chembe ngumu. Fukusi akipita katikati ya punje zilizopakwa, chembe hukwaruza nta yake, hasa kwenye maungio ya mwili. Kuna vumbi lenye nguvu zaidi, la daiatomaiti, ambalo ni masalia ya mimea midogo ya majini iliyokufa zamani sana. Huchimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya. Lenyewe hunyonya nta kama kitambaa kinavyonyonya mafuta. Ukilinunua, chukua lililoandikwa kuwa ni la kuhifadhia nafaka, si la kuchujia maji, na ufunge mdomo na pua unapochanganya. Vumbi hilo si zuri kwa mapafu.

Sasa lile la Wigglesworth. Mahindi yakiwa na unyevu, fukusi aliyechubuliwa anapata maji ya kufidia anayopoteza, na majivu yako yamekwenda bure. Nadhani hapa ndipo wengi wanaposema majivu hayafanyi kazi. Kabla ya kuchanganya, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15 hivi. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, yako tayari. Na majivu yawe makavu, yaliyopoa na kuchekechwa, yawe mengi hadi kila punje ivae vumbi. Kiganja kimoja kwa gunia zima ni mchezo.

Majivu yana mipaka. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga ndani na kuziba tundu, kwa hiyo mtoto wake hukua bila kuguswa na vumbi. Ndiyo sababu majivu hutiwa mapema, mahindi yakishakauka tu, si baada ya kuona unga. Na dumuzi, yule aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni mgumu zaidi, majivu na daiatomaiti humsumbua kidogo tu. Kwake ni bora mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani. Ajabu ni kwamba humo pia kiu ina mkono wake: mdudu huhitaji oksijeni ili mwili utengeneze maji kutokana na chakula, na utafiti juu ya fukusi wa kunde uligundua kwamba hewa ikikatika hufa kwa kukosa maji.

Siku ya kupika, pepeta kwa ungo, kisha osha maji mawili au matatu hadi yawe meupe. Ya mbegu yaache na majivu yake mpaka siku ya kupanda.