Mirathi: Mama, Umeisoma Sheria Yenyewe?

Mwaka 2019 mama mmoja wa ushirika wetu alifiwa na mumewe. Matanga yalipokwisha, shemeji zake waliitisha kikao cha ukoo wakamwambia kwamba kwa mila mjane harithi. Atatunzwa na watoto wake. Mtoto wake mkubwa alikuwa na miaka 12. Walisema pia kwamba wiki ile ile watafungua mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, na kwamba nyumba itauzwa.

Alinijia zahanati akilalamika kuwa halali usiku. Mimi ni muuguzi, lakini niliona wazi kwamba vidonge visingemsaidia.

Wapo kanisani waliomshauri aombe na kuvumilia. Tuliomba. Lakini binti za Selofehadi, tunaowasoma katika Hesabu sura ya 27, hawakuishia kuvumilia. Walisimama mbele ya Musa wakauliza, na jibu walilopata likawa sheria kwa Israeli wote. Basi nasi tukaenda kuuliza.

Tulianzia maktaba ya mkoa. Mkutubi, kijana mpole, alituamkia kisha akauliza, "Mama zangu, mnatafuta sheria ipi?" Tukatazamana. Tulidhani kuna kitabu kimoja tu kinachoitwa sheria ya mirathi! Alitutolea kitabu cha maelezo, na humo tukajifunza kwamba mirathi Tanzania ina njia zaidi ya moja. Ipo sheria ya kimila, ambayo kanuni zake ziliandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Ipo ya Kiislamu. Tena ipo Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoachwa na Waingereza, ambayo mahakama zimeitumia kwa Wakristo walioacha maisha ya kimila.

Maneno ya shemeji hayakuwa ya kutunga. Kanuni za 1963 kweli zinamnyima mjane fungu na kumwachia matunzo ya watoto wake. Lakini kwa sheria ile ya 1865, marehemu akiacha mke na watoto bila wosia, mjane hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Kwa hiyo swali halikuwa tena "Je, mjane harithi?" Swali lilikuwa, "Marehemu aliishi maisha gani?" Siku nzima tuliyokaa pale ililipwa na badiliko hilo moja la swali.

Jioni binti yangu alitufungulia tovuti ya TanzLII kwenye simu yake. Humo huwekwa hukumu za mahakama za Tanzania, na kuzisoma ni bure. Aliandika neno la mirathi kwa Kiingereza, kwa kuwa hukumu nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo, na zikatokea nyingi mno. Akaongeza jina la sheria ya 1865, zikapungua. Tulisoma polepole, yeye akitafsiri, mimi nikiandika. (Kiingereza changu ni cha wodini!) Tuliona hukumu baada ya hukumu zikirejea shauri moja la zamani, mirathi ya Innocent Mbilinyi ya mwaka 1969. Tulilitafuta kwenye simu bila mafanikio.

Ikabidi turudi kwenye vitabu. Mkutubi alituelekeza maktaba ya chuo kinachofundisha sheria, nako tukaletewa juzuu la muhtasari wa hukumu za Mahakama Kuu la 1969. Shauri ni namba 283. Marehemu alikuwa Mngoni, na mahakama iliona kwamba alikuwa ameacha maisha ya kimila. Sheria ya 1865 ikatumika. Tulitoa nakala. Mama yule aliishika kwa mikono miwili kama cheti cha ubatizo.

Ninyi mtakaotafuta, angalieni sana tarehe. Hakuna muuguzi anayechoma sindano bila kutazama tarehe kwenye chupa. Majuzuu tuliyoyakuta rafuni yalikuwa Toleo la 2002. Tangu Julai 1, 2025, linalotumika ni Toleo la 2023. Angalieni na nchi pia. Simu haijali mpaka: ukiuliza juu ya urithi inaweza kukuletea sheria ya Kenya, nayo ni nyingine kabisa. Tena msiamini kila jibu la programu za kompyuta. Mwaka 2023 mawakili huko New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na programu ya namna hiyo. Kila mnachopata, andikeni jina la shauri, mahakama, namba na mwaka, ili mwingine aweze kukifungua na kukiona.

Hatukujifanya mawakili. Daftari letu tulilipeleka kwa msaidizi wa kisheria, ambaye kazi yake inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Alilisoma kwa dakika kumi, akatuonya jambo ambalo sisi hatukuliona: Mahakama ya Mwanzo wakati huo ilishughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu tu, kwa hiyo shauri likifunguliwa kule, mila ingekuwa imeshinda kabla ya mtu kusema neno. Alimwandikia pingamizi siku ile ile.

Shauri likahamia Mahakama ya Wilaya. Mama alipeleka cheti cha ndoa ya kanisani, kadi za ubatizo za watoto na daftari la zaka la marehemu. Mzee wa kanisa, mmoja wa wale waliomwambia avumilie, alikuja kutoa ushahidi. Shamba la ukoo mama aliliacha kwa hiari yake. Nyumba haikuuzwa, na Jumatano ushirika wetu hukutana barazani pake.