Kuponi za Nguo Katika Uingereza, 1941–1949

Wako watu wadhanio kwamba taabu ya nguo wakati wa Vita Kuu ya Pili iliwapata watu wa Afrika ya Mashariki peke yao, zilipokoma kuja nguo za Japani, na kaniki na marekani zikaadimika madukani. Sivyo. Watu wa Uingereza nao walipatwa, na yafaa tueleze jinsi walivyogawana kidogo kilichokuwapo.

Viwanda na wafanyi kazi wengi walihitajiwa kwa mavazi ya askari na kazi nyingine za vita. Kama nguo zilizobaki zingaliuzwa kwa fedha tu, tajiri angalijaza masanduku yake, na maskini angalikosa hata shati la mtoto. Kwa hiyo Jumapili, tarehe 1 Juni 1941, Serikali ilitangaza kwamba kila mtu atapata kuponi 66 kwa mwaka. Habari hiyo ilifichwa mpaka siku ile, ili watu wasiyakimbilie maduka. Hata vitabu vya kuponi havikuwa tayari. Watu waliambiwa watumie kwanza vikaratasi vya majarini vilivyosalia katika vitabu vyao vya chakula.

Mnunuzi alitoa fedha pamoja na kuponi. Suti ya sufu ya mwanamume ilidai kuponi 26, na viatu vyake 7. Basi aliyenunua vitu hivyo viwili alikwisha kutumia 33, yaani nusu ya haki yake ya mwaka mzima. Gauni la sufu lilidai 11. Tena baadaye kuponi zilipunguzwa.

Mzigo huo uliwaelemea zaidi akina mama, maana watoto hukua wala hawangoji vita viishe. Mama alifumua sweta kuukuu akaifuma upya. Alikata koti la baba akamshonea mwana. Na mara nyingi kuponi zake mwenyewe zilikwisha kwa viatu vya watoto. Mwaka 1943 Serikali ilitoa kijitabu cha kufundisha kutia viraka na kugeuza nguo kuukuu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hata hivyo hamu ya kupendeza haikufa. Hariri ilipochukuliwa kwa miavuli ya kurukia kutoka katika ndege, soksi za hariri ziliadimika. Wanawake wengine walijipaka miguuni rangi ya kutilia mchuzi, kisha wakachora mstari kwa penseli nyuma ya mguu, ufanane na mshono wa soksi. Wanaume nao walinung'unika mwaka 1942 walipokatazwa suruali zenye pindo la kukunjwa chini.

Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini kuponi hazikuisha. Binti Mfalme Elizabeth alipoolewa, tarehe 20 Novemba 1947, yeye pia alihitaji kuponi za gauni la arusi, akaongezewa kadha. Wanawake wengi walimpelekea kuponi zao kwa mapenzi. Zote zikarudishwa, kwa kuwa sheria haikuruhusu kuzitumia kuponi za wengine namna hiyo.

Mpango huo uliondolewa tarehe 15 Machi 1949. Watu walikuwa wameuchoka sana, wala hatusemi kwamba hapakuwa na wadanganyifu waliouza kuponi kwa siri. Lakini wengi waliuvumilia miaka minane kasoro kidogo, kwa sababu kila mmoja alijua ya kwamba jirani yake naye amehesabiwa kuponi zake.