Jinsi Kompyuta Isomavyo Herufi

Mtu asomaye neno ng'ombe huziona herufi zake mara moja. Kompyuta haizioni. Ndani yake mna namba tupu, zilizopangwa katika mafungu ya biti nane yaitwayo baiti, na kila baiti huchukua thamani moja kuanzia 0 hadi 255. Kuzigeuza namba hizo kuwa herufi ni kazi ya programu. Programu ikikosea, jina la mtu katika daftari la kliniki au hati ya shamba huharibika, na pengine lisipatikane tena litafutwapo.

Zamani jambo hili lilionekana kuwa jepesi. Utaratibu wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulikuwa na namba 128 tu, nazo ziliwatosha waandikao Kiingereza. Kwa hiyo baiti moja ilikuwa herufi moja. Lakini dunia ina maandishi mengi zaidi. Ndipo ulipoundwa utaratibu wa Unicode, unaoipa kila herufi namba yake. Katika njia ya UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, alama moja huchukua baiti moja hadi nne. Herufi a huchukua moja. Herufi za Kiarabu, ambazo pia ziliandikia hati za kale za Kiswahili, huchukua mbili mbili.

Turudi kwenye ng'ombe. Neno hili lina alama saba, pamoja na kile kikato. Kikiandikwa kwa alama iliyonyooka, neno zima ni baiti saba. Lakini programu nyingi za kuandikia hukipinda kikato zenyewe, na kikato kilichopinda huchukua baiti tatu katika UTF-8. Neno sasa lina baiti tisa. Programu idhaniayo kwamba kila baiti ni herufi itahesabu tisa, na ikitumia jedwali la zamani la Windows-1252 itaandika ngâ€™ombe.

Ili kuepusha makosa ya namna hii, watungaji wa lugha za programu huweka kiolesura, yaani mapatano kati ya programu inayoomba na sehemu inayotoa. Mfano mzuri umo katika lugha ya Java. Mwaka 1997, toleo lake la 1.1 lilileta sehemu iitwayo Reader. Programu huomba alama ifuatayo, nayo hupewa namba kati ya 0 na 65,535. Maandishi yakiisha, hupewa -1. Sifuri isingefaa kuwa ishara ya mwisho, kwa kuwa nayo ni namba ya alama halali. -1 si namba ya alama yoyote.

Chini ya mapatano hayo hufanyika kazi isiyoonekana. Tuseme baiti mbili za kikato kilichopinda zimefika, na ya tatu ingali njiani. Msomaji wa namna hii hatoi alama ya kubahatisha. Huzishika zile mbili mpaka ya tatu ifike. Mwaka 2002 kikaongezwa kiolesura cha CharSequence kwa maandishi yaliyokwisha kuingia katika kumbukumbu. Hicho hujibu maswali machache: alama ni ngapi, ipi iko mahali fulani, na kipande cha kutoka hapa hadi pale ni kipi.

Hata hivyo, mapatano haya yana mipaka. Unicode ina nafasi 1,114,112, na alama zizidizo 65,535 hutolewa kwa nusu mbili. Akataye maandishi katikati ya nusu hizo huharibu alama nzima. Toleo la mwaka 2004 lilileta njia ya kuzisoma zikiwa kamili.

Mpaka mwingine ni mkubwa zaidi. Msomaji hawezi kujua kwa hakika mwandishi alitumia jedwali gani. Hana budi kuambiwa. Asipoambiwa, Java ilikuwa ikifuata desturi ya mashine yenyewe, hivyo programu ile ile iliweza kusoma jina vyema katika ofisi moja na kuliharibu katika nyingine. Tangu toleo la 18, la mwaka 2022, hufuata UTF-8. Lakini hati zilizoandikwa zamani kwa majedwali mengine zingalipo. Kwa hiyo atunzaye majina ya watu na alitaje jedwali lake wazi, aandikapo na asomapo.