Rangi za chumba cha mtoto: Faida ipo, lakini chunguza kopo

Msimu wa kupaka rangi nyumba kabla ya Idd na Krismasi, na baadaye shule zinapofunguliwa Januari, huwaletea wafanyabiashara wateja wa aina moja: wazazi wanaomwandalia kijana wao chumba chake. Mvulana wa miaka minne au mitano akihamishwa kutoka chumba cha wazazi, huhitaji kitanda, godoro, chandarua, shuka na pazia. Mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, hupokea oda za vitanda, na maduka ya Kariakoo huuza mashuka yenye picha za magari.

Katika orodha hiyo, bidhaa inayohitaji uangalifu zaidi ni rangi.

Chumba cha mvulana hutakiwa kiwe na rangi kali: njano, nyekundu, kijani. Katika rangi za mafuta, ukali huo kwa miaka mingi umepatikana kwa kutia kromati ya risasi, ambayo hung'aa na kufunika vizuri. Rangi hizo hupakwa vitanda, milango na madirisha, yaani pale pale ambapo mtoto hushika na hata kung'ata. Rangi za maji za ukutani kwa kawaida hazitiwi madini hayo.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto akimeza vumbi au magamba ya rangi hiyo, ubongo wake huathirika na uwezo wa kujifunza hupungua. Madhara hayo hayarekebishiki. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linashauri nchi ziweke kikomo cha sehemu 90 kwa milioni, sawa na miligramu 90 katika kila kilo ya rangi iliyokauka.

Biashara nayo imeshaonja hasara yake. Agosti 2007, kampuni ya Mattel ya Marekani ililazimika kurudisha kutoka sokoni karibu vitu milioni moja vya kuchezea watoto vilivyotengenezwa China, baada ya kubainika kuwa vilipakwa rangi yenye risasi. Mwaka 2009 ilikubali kulipa faini ya dola milioni 2.3. Kampuni kubwa huweza kubeba mzigo wa namna hiyo. Mwenye duka moja, ambaye mtaji wake wote uko kwenye rafu, hawezi.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza duka kwa msimu, muuzaji amtake msambazaji aonyeshe cheti cha upimaji wa kila aina ya rangi ya mafuta, hasa njano na nyekundu. Makopo yasiyo na jina la mtengenezaji, au rangi ya kupimwa kutoka debe lisilo na lebo, ni mtaji ulio hatarini hata bei yake ikivutia.

Fundi naye asikwangue rangi ya zamani kwa msasa mkavu. Mbao ziloweshwe kwanza, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na mtoto akae mbali hadi kazi iishe.

Mzazi anaponunua rangi ya chumba cha mwanawe hujali sura yake. Muuzaji anayeweza pia kumwonyesha cheti atamwona tena msimu ujao.