Kipoza Hewa cha Maji: Fungueni Dirisha Kwanza



Mapema mwaka 2022 tuliitwa na kikundi kimoja cha akina mama washonaji karibu na Lodwar. Walikuwa wametoa pesa katika mfuko wa kikundi wakanunua kipoza hewa cha maji, ile mashine ya magurudumu yenye feni na tangi la maji, ambayo wengine huiita feni ya maji. Chumba chao cha mabati kilikuwa kama tanuri kuanzia saa tano asubuhi, na wateja wanangojea sare za shule. Lakini baada ya wiki mbili mashine iliwekwa kando. Joto lilikuwa lile lile, na juu yake unyevu: jasho halikauki, vitambaa vinaanza kunuka uvundo. Maneno yakaanza. Ati mweka hazina ameuziwa mashine mbovu. Wengine ati amegawana pesa na mwenye duka.

Tulipofika tulikuta mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, na hata nafasi iliyo chini ya paa imezibwa kwa magunia. Tukauliza sababu. "Ili baridi isitoke," wakatujibu. Kumbe shida ilikuwa hapo. Mashine ilikuwa nzima kabisa.

Kwa kuwa vikundi vingi sasa vinauliza habari za mashine hizi, tumeona ni vizuri tueleze jinsi zinavyofanya kazi, jinsi ya kuziweka, na ni wapi hazifai.

MTUNGI NDIO MWALIMU

Sote tunajua maji ya mtungini ni baridi hata jua likiwa kali. Maji kidogo hupenya kwenye udongo, yakafika nje na kugeuka mvuke. Yakigeuka mvuke yanachukua joto. Lita moja ya maji ikikauka yote inachukua joto karibu sawa na lile linalotolewa na hita ya umeme ya wati 1,000 kwa dakika 40. Si jambo dogo hilo.

Kipoza hewa cha maji ni mtungi wenye feni. Pampu ndogo inapandisha maji kutoka kwenye tangi na kuyamwaga juu ya pedi nene. Feni inavuta hewa ya moto ipite katika pedi hiyo iliyolowa. Maji yanakauka, hewa inatoka upande wa pili ikiwa na baridi, lakini pia ikiwa na unyevu mwingi zaidi.

Kiyoyozi cha kawaida ni kitu kingine. Kile kina gesi na kompresa, kinatoa joto ndani na kulitupa nje, na kwa hiyo chumba lazima kifungwe. Kipoza hewa cha maji hakitupi joto nje. Ukikifungia chumbani kinazungusha hewa ile ile, na kila mara inaongezeka unyevu. Hewa ikishashiba maji haiwezi kubeba mengine, na baridi inaisha. Hilo ndilo lililowapata wale akina mama.

PIMENI KABLA YA KUNUNUA

Mashine hii inategemea hewa kavu. Lodwar inafaa miezi mingi ya mwaka. Mombasa na Lamu, ambako hewa ya bahari imejaa unyevu, faida yake ni ndogo sana, hata kama muuzaji ni fundi wa maneno.

Kuna kipimo rahisi. Tafuteni vipimajoto viwili vinavyolingana. Kimoja kiacheni kikavu. Cha pili kifungeni kitambaa cha pamba kilicholowa maji pale chini kwenye ncha. Vitundikeni kivulini mnamo saa nane mchana, katika msimu ule mnaotaka kutumia mashine. Vipepeeni kwa dakika tano, kisha someni vyote viwili.

Tofauti ikiwa nyuzi 10 au zaidi, mashine itawasaidia. Ikiwa chini ya nyuzi 5, pesa yenu ikae benki. Mashine nzuri yenye pedi nene huweza kushusha joto la hewa kwa kama sehemu saba katika kumi za tofauti hiyo. Ndogo zenye pedi nyembamba hazifiki hapo.

Tuchukue mfano. Hewa ya nyuzi 35 iliyo kavu sana, yenye unyevu wa asilimia 20, kipimajoto chenye kitambaa kitasoma karibu nyuzi 19. Tofauti ni 16, na hewa inayotoka kwenye mashine itakuwa karibu nyuzi 24. Sasa chukueni hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75, kama ya pwani. Chenye kitambaa kitasoma karibu 28. Tofauti ni 4 tu, na mashine itawapa hewa ya nyuzi 29 iliyojaa unyevu. Hapo feni ya kawaida inatosha.

JINSI YA KUIWEKA

1. Iwekeni karibu na dirisha lililo wazi, mgongo wake ukitazama dirisha, ili ivute hewa kavu ya nje. Dirisha la upande wa kivuli ni bora kuliko la upande wa jua.

2. Fungueni mlango au dirisha la upande wa pili wa chumba, ili hewa yenye unyevu ipate pa kutokea. Mkihisi chumba kina unyevu, ongezeni nafasi ya kutokea.

3. Iwe juu ya sakafu iliyo sawa, maji yasimwagike. Fungeni breki za magurudumu kama zipo.

4. Chomoeni waya kwenye umeme kabla ya kujaza maji. Msiguse swichi kwa mikono iliyolowa, wala msiache kiungo cha waya wa kuongezea kikilala sakafuni. Maji na umeme havina urafiki.

5. Jazeni maji safi mpaka alama ya juu, msipite hapo. Washeni pampu kwanza, mngoje pedi ilowe yote, kisha washeni feni. Kama mashine yenu ina swichi moja tu, msishangae hewa ya kwanza ikitoka na joto.

6. Angalieni maji mara kwa mara. Pampu ikizunguka bila maji inaweza kuungua.

MAJI NA UMEME

Upande wa umeme kuna nafuu. Nyingi ya mashine ndogo hizi hutumia kati ya wati 60 na 200, wakati kiyoyozi cha kompresa mara nyingi hupita wati 1,000. Someni kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa.

Upande wa maji ndipo mfikirie sana. Pale hewa ni kavu mashine inaweza kutumia lita 3 kwa saa, pengine zaidi. Kwa saa saba mchana hiyo ni jerikeni moja ya lita 20 na kidogo. Ni nani atakayeichota, na kutoka wapi? Kama ni mama yule yule anayetembea kilomita nyingi kwenda kisimani, basi baridi hiyo ina gharama isiyoandikwa katika kitabu cha mweka hazina.

Wauzaji wengine husema mtie barafu kwenye tangi. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inachukua joto kama moja ya saba tu ya lile linalochukuliwa na lita moja ya maji ikikauka. Si lazima kuitafuta.

USAFI

Maji yaliyolala ndani ya tangi huota utelezi, hunuka, na mbu hutaga humo. Mkimaliza kazi, zimeni pampu na muache feni ikaushe pedi kwa nusu saa. Mwageni maji yaliyobaki. Mara moja kwa wiki chomoeni waya, mpanguse tangi na kuosha pedi kwa maji safi. Maji ya visima vingi yana chumvi, na chumvi hiyo huganda kwenye pedi kama ule ukoko mweupe wa birika. Ikizidi, hewa haipiti na pedi inabadilishwa. Ulizeni mapema kama pedi za akiba zinapatikana.

PALE ISIPOFAA

Chanjo zinahitaji kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Mashine hii haifiki huko, kwa hiyo mtu asije akaitegemea badala ya friji ya zahanati. Pia ghala la mahindi si mahali pake, maana unyevu huleta ukungu, na mahindi yenye ukungu yanaweza kuua.

Na kabla ya kununua chochote, jaribuni hili kwanza: tundikeni gunia lililolowa kwenye dirisha ambako upepo unaingilia, mlango ukiwa wazi. Ni kazi ile ile, bila umeme. Likiwatosha, mmeokoa pesa.

Wale akina mama tuliwasaidia kuhamisha mashine hadi dirishani, tukatoa magunia, tukafungua mlango. Baada ya nusu saa waliokuwa karibu na mashine walikuwa wakishona bila kujipangusa. Katika mkutano uliofuata mwenyekiti alisimama akamwomba mweka hazina msamaha mbele ya wote. Mashine ilirekebika kwa nusu saa. Jina la mtu, likishapakwa matope, huchukua muda mrefu zaidi.

Ya kujadili kikundini:

- Katika eneo letu hewa ni kavu au ina unyevu? Tutapima lini?
- Maji ya mashine yatatoka wapi, na nani atayabeba?
- Kitu cha kikundi kikikataa kufanya kazi, tunauliza kwanza kinavyotumika, au tunaanza kwa kumtafuta mwizi?